Barua ya Meja Ballou: Deni la nchi lililolipwa kwa furaha ya mke

MUHULA uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri zoezi nililodhani ni jepesi. Niliwapa barua moja ambayo mwanajeshi wa Marekani alimwandikia mkewe mnamo Julai 14, 1861, nikawaambia waitie katika Kiswahili kisha tuijadili kama tunavyojadili kazi yoyote ya fasihi. Kabla hawajashika kalamu niliwachezea jinsi inavyosomwa katika The Civil War, ule mfululizo wa filamu za kihistoria wa Ken Burns uliorushwa na PBS nchini Marekani Septemba 1990. Fidla inalia polepole, msomaji anasoma kwa sauti ya utulivu. Ilipokwisha, darasa lilikuwa kimya. Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono: “Mwalimu, na huyo Sarah alijibu nini?”

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, nikasema tutalirudia, tukaendelea. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Ndilo lililonifanya niirudie barua yenyewe, safari hii nikiisoma kwa ukamilifu wake badala ya kuisikiliza. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisifu kitu nisichokijua vizuri. Barua inayowaliza watu kwenye televisheni na barua aliyoiandika Meja Sullivan Ballou ni matini mbili. Ile ya televisheni ni barua ya mapenzi. Ile nyingine ni ya mapenzi pia, lakini ndani yake mna hesabu, na mwandishi anajua hesabu yenyewe haimpendezi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ballou alizaliwa mwaka wa 1829 katika jimbo la Rhode Island, jimbo dogo kabisa la pwani kule kaskazini mashariki mwa Marekani. Alisomea sheria, akaingia siasa, akafika kuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi la jimbo lake. Mwaka wa 1855 alimwoa Sarah Hart Shumway, wakajaliwa wavulana wawili, Edgar na William, huyu wa pili wakimwita Willie. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, wakili huyu alijiunga na Kikosi cha Pili cha Rhode Island kwa cheo cha meja. Alikuwa na miaka 32, mkewe 24.

Katikati ya Julai kikosi chake kilikuwa kambini Washington kikingojea amri ya kuingia Virginia. Usiku wa tarehe 14 akakaa akaandika. Wiki moja baadaye, Julai 21, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalikutana Bull Run, karibu na Manassas. Risasi ya mzinga ikamuua farasi wake na kumsaga mguu wa kulia. Mguu ukakatwa, jeshi lake likashindwa na kukimbia, yeye akaachwa nyuma pamoja na majeruhi wengine. Alifariki baada ya siku chache na kuzikwa hapo hapo.

Yaliyompata kaburini nitayagusa kwa haraka kwa sababu hayasomeki vizuri. Miezi michache baadaye Gavana William Sprague wa Rhode Island alikwenda Virginia kuwachukua wafu wa jimbo lake, akaelezwa kwamba maiti ya Ballou ilikuwa imefukuliwa na askari wa Kusini na kuchomwa, inasemekana kwa kudhaniwa kuwa ni ya kamanda wake, Kanali John Slocum. Kilichorudi nyumbani kwa Sarah kilikuwa majivu na mifupa.

Sasa barua. Jambo la kwanza ambalo mhakiki analazimika kulisema ni kwamba hatuna karatasi aliyoishika Ballou. Asili yake haijulikani iliko. Zipo simulizi kwamba Sarah alizikwa nayo, na simulizi ni simulizi. Tulizo nazo ni nakala kadhaa za mikono mingine, zenye tofauti ndogondogo za maneno. Mtafiti wa tenzi za kale za Kiswahili hatashangaa hata kidogo. Tumezoea kusoma kazi kubwa kupitia kwa wanakili, na tumezoea kubishana kuhusu kina kimoja au neno moja. Ninachokijadili hapa ni kile ambacho nakala zinazojulikana zaidi zinakubaliana.

Jambo la pili ni la kushangaza zaidi: inaelezwa kwamba barua hii haikutumwa. Sarah alipokea barua nyingine kutoka kwa mumewe, nyingine zikiwa na tarehe za baada ya hii, na hizo zilikuwa na toni ya uchangamfu, za mtu anayemwambia mkewe asiwe na wasiwasi. Hii ilipatikana katika vitu vyake baada ya kifo. Maana yake ni kwamba mwanamume huyu alikuwa na kalamu mbili. Kwa kalamu ya kwanza aliandika barua za kupitia posta, zikafika, mke akatulia. Kwa kalamu ya pili aliandika barua ambayo ingesomwa tu endapo za kwanza zingekuwa zimesema uongo.

Kwa hiyo tunapouliza barua hii ni ya utanzu gani, jibu la “barua ya kirafiki” kama tunavyowafundisha watoto wa sekondari halitoshi. Kwa Kiswahili tuna neno linaloifaa: wosia. Nalo linatuleta kwa jirani ambaye Ballou hakumjua. Mnamo mwaka wa 1858, miaka mitatu tu kabla ya usiku ule wa Washington, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa na akijua haponi, alimtungia bintiye ule utendi ambao kila msomaji wa safu hii ameukuta darasani. Naye alikuwa mjane wa mtu wa vita: mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alipambana miaka mingi na Sayyid Said wa Unguja. Tazama tofauti. Mwana Kupona anakufa na kuacha maelekezo: binti afanye nini, aishi vipi na Mungu, na mume, na watu. Ballou haachi maelekezo karibu yoyote. Hasemi shamba liuzwe au lisiuzwe, hasemi nani anadaiwa. Anachoacha ni maelezo ya kwa nini anaondoka. Wosia wa Mwana Kupona unamtazama anayebaki, wa Ballou kwa sehemu kubwa unamtazama anayekwenda. Simlaumu. Lakini ni vizuri kulijua hilo tunapoambiwa kuwa hii ndiyo barua bora ya mume kwa mke.

Turudi kwenye ile hesabu niliyoitaja. Mapema katika barua Ballou anamwambia mkewe kwamba hana shaka na jambo analolipigania. Anasema ustaarabu wa Marekani unaegemea ushindi wa serikali, na kwamba kizazi chake kina deni kwa wale waliomwaga damu katika mapinduzi ya kupigania uhuru. Yeye yuko tayari, tayari kabisa, kuziacha furaha zake zote za maisha haya ili deni hilo lilipwe. Katika toleo la televisheni, sentensi inayofuata inaruka moja kwa moja hadi kwenye mapenzi yake yasiyokufa kwa Sarah. Unasikia mtu jasiri anayelipa deni kwa mali yake mwenyewe, kisha anamgeukia mkewe na kumwambia anampenda. Nani asilie?

Katika barua kamili haruki. Anasimama. Anamwambia mkewe kwamba anajua, anapozitoa furaha zake, anazitoa pamoja nazo karibu furaha zake yeye Sarah zote, na mahali pake anamwachia taabu na huzuni. Anaongeza kwamba yeye mwenyewe amekula miaka mingi tunda chungu la uyatima, na sasa analazimika kuwapa wanawe tunda hilo hilo kama chakula chao pekee. Kisha anauliza: je, ni udhaifu, ni aibu, kwamba mapenzi yake kwa mke na watoto yanapigana na mapenzi yake kwa nchi, vita vikali ingawa ni vya bure?

Hapo ndipo barua ilipo. Deni ni la nchi na anayedaiwa ni Ballou, lakini sarafu zinazotoka mfukoni ni za Sarah, Edgar na Willie. Naye analijua hilo na ameliandika kwa mkono wake. Swali lake tunaweza kuliita swali la balagha kama vitabu vinavyotufundisha, yaani swali lisilohitaji jibu, ila mimi sikubali. Nadhani lilihitaji jibu sana, na aliyekuwa na haki ya kulijibu hakuwapo chumbani. Halafu kuna lile neno bure. Anamwambia mkewe kwamba penzi lake linapigana na nchi, na katika pumzi hiyo hiyo anamwambia kwamba penzi limekwisha kushindwa. Kwa mwanamke anayeisoma akiwa tayari mjane, sijui kama upo mstari mkali zaidi ya huo.

Aliyekata sehemu hii alikuwa na sababu zake. Filamu ina dakika zake, na barua ilihitaji kufungia sehemu ya kwanza ya mfululizo mrefu. Nami nakiri kwamba mkato wenyewe umefanywa kwa ustadi, kiasi kwamba mshono hauonekani. Hata muziki unasaidia kuuficha: ile fidla, ambayo wengi hudhani ni wimbo wa enzi za vita hivyo, ni tungo ya Jay Ungar ya mwaka wa 1982. Lakini matokeo ya mkato ni kwamba mume anabaki msafi. Amepunguziwa dhambi ambayo yeye mwenyewe aliitubu.

Kidogo kuhusu uyatima, kwa sababu hapa Kiswahili kinaisoma barua hii vizuri kuliko Kiingereza chenyewe. Mwanafunzi mmoja alinijia na malalamiko: “Mwalimu, huyu mtu anajiita yatima na mwishoni anamsalimia mamake. Ametudanganya?” Kwa msikilizaji wa Kiingereza cha leo, neno lile humleta mbele yake mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili. Lakini sisi neno yatima tumelichukua kutoka Kiarabu, na katika fiqhi yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yuko hai. Ndivyo alivyokuwa Ballou hasa. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa katika shida na mama mjane. Kwa hiyo anapowatazama wanawe anaona njia aliyoipita. Anajua Willie ni mdogo mno, hatamkumbuka. Anajua Edgar, mwenye macho ya buluu, atabaki na kumbukumbu hafifu za michezo yao. Maneno hayo ya watoto yako karibu na mwisho wa barua, nayo pia televisheni haina. Toleo la televisheni linakoma pale mume anapomwambia mke asimlilie kama maiti, amngoje, watakutana. Barua inaendelea. Mtu huyu hakuweza kuimalizia kwa Sarah peke yake.

Baada ya swali lile la deni, Ballou anaeleza usiku wenyewe. Ni usiku mtulivu wa kiangazi, wanaume elfu mbili wamelala kandokando yake, wengi labda usingizi wao wa mwisho kabla ya ule wa kufa. Yeye yuko macho akizungumza na Mungu, na nchi yake, na Sarah. Zingatia mpangilio wa majina hayo matatu. Kisha anafanya jambo la kiwakili. Anasema amejichunguza moyoni mara nyingi na kwa makini akitafuta nia mbaya iliyomfanya ahatarishe furaha ya wale anaowapenda, na hakuipata. Mshtakiwa, wakili na hakimu ni mtu mmoja, na hukumu ni hana hatia. Natamani kumwamini. Pengine namwamini. Lakini mtu asiye na shaka hafungui kesi dhidi yake mwenyewe saa za usiku.

Ubora wa barua hii kama sanaa, hata hivyo, hauko kwenye hoja. Uko kwenye taswira, na hapa nawashukuru wanafunzi wangu kwa kukosea. Ballou anasema mapenzi yake kwa Sarah yamemfunga kwa kitu fulani kinene ambacho hakuna wa kukikata isipokuwa Mwenyezi. Katika tafsiri kumi na nne nilizosahihisha, tisa zilisema “nyaya”. Nyaya! Meja wa mwaka wa 1861 amefungwa kwa nyaya, unamwona amening'inia kwenye nguzo ya stima. Wengine wakaandika kamba, wengine minyororo. Kijana mmoja wa Lamu, asiyeongea sana darasani, aliandika “amari”. Nilimuuliza ametoa wapi. Akasema nyumbani, ni ile kamba nene ya nanga.

Neno hilo moja lilinifungulia ukurasa mzima. Hebu fuata. Penzi limemfunga kwa amari. Halafu, anasema, mapenzi ya nchi yanamjia kama upepo mkali na kumbeba pamoja na minyororo yake yote hadi vitani. Huyu ni mtu wa jimbo la pwani. Anachokiona ni chombo kilichotia nanga bandarini, upepo wa dhoruba ukakivuma, kikang'oka na kwenda na amari zake zikiburura majini. Minyororo haikukatika. Hilo ni muhimu: upepo haukumwachanisha na mkewe, umembeba akiwa bado amefungwa. Na mbele kidogo, anapoeleza yatakayompata Sarah, anamwona akipambana na dhoruba akiwa na shehena yake ndogo ya thamani. Shehena ni wale watoto. Kwa hiyo vyombo ni viwili. Cha mume kimechukuliwa na upepo, cha mke kimeachwa katika dhoruba na mzigo juu. Wapenzi wa barua hii hutaja sana ule mstari wa minyororo, na sijui ni wangapi wamewahi kuuweka kando ya mstari wa shehena.

Upepo wenyewe unapita barua nzima. Kwanza unapepea bendera ya dhamira yake kwa utulivu na fahari. Halafu unakuwa ule mkali unaomng'oa. Halafu unabeba dua ya Edgar mdogo hadi sikioni mwa babake, ikimnong'oneza kwamba atarudi salama. Halafu unakuwa pumzi yake ya mwisho, ambayo anasema italitaja jina la Sarah. Na mwisho, ikiwa wafu wanaweza kurudi na kuwa karibu na wawapendao, anaahidi kwamba upepo mwanana utakaoligusa shavu la mkewe utakuwa pumzi yake, na ubaridi utakaolituliza paji la uso wake utakuwa roho yake ikipita. Kitu kilichomchukua ndicho anachoahidi kurudi nacho.

Kwa Kiingereza uhusiano huu inabidi uutafute. Kwa Kiswahili lugha yenyewe imekwisha kuufanya: upepo, pepo, peponi. Hewa inayovuma, kiumbe asiyeonekana, na makao ya wema baada ya kufa, vyote vimetoka kwenye shina moja. Nilipowaandikia maneno hayo matatu ubaoni, yule kijana wa Lamu alitabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Nisije nikaonekana nimezama katika mahaba. Barua ina mapungufu. Sehemu ya mwanzo kuhusu ustaarabu na serikali inanuka jukwaa, na unamsikia Spika akihutubia, si mume akizungumza. Zaidi ya hayo, vita hivi vilikuwa na chimbuko lake katika utumwa, na neno hilo halimo ndani ya barua, si kwa uwazi wala kwa fumbo. Ballou alikuwa mfuasi wa chama cha Lincoln. Deni analolitaja ni la mapinduzi ya babu zake, si la mamilioni ya watu weusi waliokuwa minyororoni halisi wakati yeye anaandika kuhusu minyororo ya mapenzi. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuipita taswira hiyo bila kukwazika. Mimi hukwazika kila mara, kisha huendelea kusoma.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ballou aliandika akijua anayesoma ni Sarah. Wazee wetu wa KAR waliovuka bahari kwenda Ceylon na Burma katika Vita vya Pili vya Dunia hawakuwa na bahati hiyo. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo mtu alikaa akamtamkia mwenzake yaliyo moyoni, mwenzake akaandika. Barua ikapita mikononi mwa wachunguzi wa kijeshi, na ilipofika nyumbani ikasomwa na mtoto wa shule au mwalimu wa kanisa mbele ya mama aliyeketi kwenye kigoda. Penzi lililopitia midomo na macho ya watu watatu wanne litabakiwa na nini? Mengi tunayoyajua kuhusu barua hizo yametokana na taarifa za wachunguzi wale wale, waliotaka kujua askari wana hasira gani, wanalalamikia mshahara gani, wana wasiwasi gani kuhusu mifugo na uaminifu wa wake zao. Wao pia walikuwa wahariri. Televisheni ya Marekani ilimkata Ballou ikabakiza mapenzi na kutupa hesabu. Wachunguzi wa KAR walibakiza hesabu wakatupa mapenzi. Ukikutana na mtu anayekuambia Mwafrika wa zamani hakumwandikia mkewe maneno matamu, muulize amesoma barua au amesoma taarifa.

Kama kuna familia inayosoma safu hii na ina karatasi hizo chini ya sanduku, tafadhali msizichome wala kuwapa panya.

Nirudi kwa binti wa nyuma na swali lake. Sarah alijibu nini? Hakukuwa na wa kumjibu. Alikuwa na miaka 24 na wavulana wawili. Hakuolewa tena. Alifariki mwaka wa 1917 akiwa na miaka 80, yaani aliishi miaka 56 baada ya barua ile. Miaka 56 ya kuwa chombo chenye shehena. Nilimwambia yule binti kwamba jibu la aina hiyo fasihi ililisubiri muda mrefu, na nikampa Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka wa 1979, ambamo mjane aliye edani ndiye anayeshika kalamu na marehemu ndiye anayenyamaza. Ramatoulaye hakufiwa na shujaa, alifiwa na mume aliyemwolea mke wa pili. Hata hivyo soma anavyohesabu: watoto, deni, miaka. Anajua kila sarafu ilitoka mfuko gani.

Binti alikisoma kitabu kwa siku tatu, akarudi na tafsiri yake ya Ballou aliyokuwa ameishaiwasilisha. Alitaka kuirekebisha. Nilimwambia alama zimekwisha kuingizwa. Akasema si kwa ajili ya alama.

Alikuwa amekwama kwenye sentensi moja ya mwishoni, ile inayoomba Sarah awafikishie baraka za Mungu mama wawili wa Ballou. Anasema mama zangu wawili, halafu anaongeza vimilikishi viwili vya Kiingereza, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Ni sentensi ya ajabu hata kwa Kiingereza, maana ghafla Ballou anajitaja kama mtu mwingine, kana kwamba amekwisha kuondoka chumbani. Wahenga wa nakala huenda waliichezea, huenda ni yeye mwenyewe alichoka. Sasa Kiswahili hakina jinsia katika vimilikishi, na binti alikuwa ameandika kwa uaminifu wote: “waambie mama zangu wawili, wake na wake”. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwekea alama nyekundu. Safari hii tulikaa nalo karibu saa nzima. Tukajaribu “mzazi na mkwe”, likawa la hati za ardhi. Tukajaribu “mama mzaa na mama mkwe”, akasema hapana, mwenyewe amewaita mama wote wawili, kwa nini sisi tuwabague. Mwishowe aliandika “mama yangu na mama yako”, akamrudisha Ballou ndani ya chumba, na kiwakilishi cha mwisho akamwachia Sarah.